Gari la Paskali Lina Viti Viwili

Kinyangiri,
18 Februari 2024

Kwa Witness Paskali,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na mumeo Christopher na mtoto Lucy. Sisi huku hatujambo. Mvua inanyesha kwa kukatizakatiza. Mtama umeota vizuri, ila mbegu za alizeti za kule bondeni zilifukuliwa na kanga ikabidi turudie kupanda. Kaburi la marehemu baba yako tumelizungushia miiba ili mbuzi wasiingie.

Nia ya barua hii ni kukufahamisha uamuzi wa kikao cha ukoo kilichokaa nyumbani kwa baba yako mdogo Stefano. Kikao kimeona kwamba lile gari la wazi aliloliunda marehemu ni mali ya ukoo, na halifai kukaa mikononi mwa mwanamke aliyeolewa kwingine. Pia si heshima mwanamke kuonekana barabarani kwenye gari lisilo na paa, nywele zinapeperuka. Gari hilo litakabidhiwa kwa Stefano. Mwanaye Hosea anaoa mwezi wa saba huko Kiomboi, na wakwe wameshaambiwa kwamba bwana harusi na bibi harusi watapanda gari hilo.

Kwa hiyo unatakiwa ulilete kabla ya Pasaka. Kama huwezi, Stefano atatuma mtu kulichukua.

Naandika haya kwa hiari yangu.

Ni mimi,
Emiliana


Utemini, Singida,
3 Machi 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Lucy naye anasema shikamoo bibi, na anauliza kama yule kuku mwenye kilemba bado yupo. Christopher anakusalimu. Sisi tu wazima. Kazi yangu ya kufundisha udereva inaendelea. Mwezi huu nina mwanafunzi mmoja mstaafu, anaogopa gia ya kurudi nyuma kama mtu aliyekanyaga nyoka. Huku mvua si haba, ziwa Kindai limejaa na heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, wameongezeka. Christopher anasema nikusalimie sana.

Barua yako niliipata kwa kondakta wa basi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili sikucheka tena. Shangazi, tangu nimezaliwa hujawahi kuniita Witness Paskali. Huwa unaniita mama. Hata siku ya mazishi, ulipokuwa huna sauti, uliniita mama.

Lakini kwa kuwa barua imeandikwa, naijibu.

Gari haliendi kwa baba mdogo. Wewe unajua lilivyozaliwa, labda kikao hakijui. Baba alikuwa kijana alipoona msafara wa magari ya zamani ya wazi ukipita barabara ya Dodoma, wazungu wamevaa miwani mikubwa. Moja likapasuka bomba la maji, baba akalitengeneza, na mwenye gari akampandisha mpaka nje ya mji. Ni hapo tu, mpaka nje ya mji! Tangu siku hiyo hakutulia. Injini aliitoa kwenye Peugeot ya mizigo iliyokuwa imeota majani uani kwa watu. Bodi aliigonga mwenyewe kwa nyundo, kipande kwa kipande, mpaka ikapata lile boneti refu na zile taa za duara. Nilikuwa nimeshaolewa alipoipaka rangi ya kijani ya chupa. Aliponikabidhi funguo alikuwa na akili zake timamu. Akasema, "Hili siyo la kufunika turubai. Litembee." Kadi ya gari ina jina langu.

Eti mwanamke hafai kuonekana! Nusu ya vijana wa ukoo huo wenye leseni nimewafundisha mimi, na Hosea ni mmoja wao.

Mwambie baba mdogo gari nitalileta Kinyangiri. Nitakuja nimeshika usukani mimi, na nitaondoka nimeshika usukani mimi. Akituma mtu kulichukua, huyo mtu aje na chakula chake, maana atakaa sana getini.

Usinielewe vibaya, Shangazi. Sikukatalii wewe.

Christopher anakusalimu.

Mwanao,
Witness


Kinyangiri,
17 Machi 2024

Mama,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba, na Lucy mwambie marahaba. Kuku mwenye kilemba yupo na ametotoa. Hapa tumepalilia mtama mara ya pili. Mgongo unauma lakini ulianza kuuma zamani. Katekista Enock alianguka na baiskeli, mkono umefungwa, Jumapili anashika kitabu kwa mkono wa kushoto na kusoma kunamchukua muda mrefu mno.

Barua hii anakuletea Magdalena. Ndiye anayepeleka kuku na vitunguu sokoni huko mjini kila wiki. Ukijibu, mpe yeye. Usimpe kondakta tena, na usinipigie simu. Simu yangu inachajiwa dukani kwa Stefano, na huko ndiko inakokaa.

Ile barua ya kwanza niliiandika Stefano akiwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa akisema, naandika. Ile "kwa hiari yangu" ni yeye aliyeitaka. Mimi nikaongeza "ni mimi" nikijua utashangaa, maana ningekuwa mimi kweli nisingehitaji kusema.

Sasa haya ni ya kwangu. Gari ni lako. Paskali aliniambia hivyo kwa Kinyiramba na kwa Kiswahili, ili nisije nikasema sikuelewa. Lakini usilete gari huku. Umesikia? Usije. Sababu ninayo na siiandiki. Stefano ana namna yake akikataliwa, nami namjua tangu akiwa mgongoni kwangu. Kaa nalo huko Utemini, liendeshe kuzunguka maziwa yako hayo, uniandikie linavyokwenda. Mimi sijawahi kulipanda. Paskali alisema likipona tatizo la breki atanifuata twende tukaone mlima Sekenke. Lilipopona, yeye akaugua.

Jambo lingine. Katika barua moja Christopher amenisalimu mara tatu. Mume mwenye amani nyumbani humsalimu shangazi mara moja. Kuna nini?

Shangazi yako,
Emiliana


Utemini,
7 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pasaka ilikuwaje? Sisi tulikwenda kanisani, tukala wali na kuku, Lucy akamwagia gauni jipya soda ya rangi. Nimechelewa kujibu. Magdalena alikuja mara mbili akaniuliza kama nina barua, nikamwambia bado. Ya tatu nikamshika mkono nikamkalisha, nikamuuliza unaishije. Akasema mzima. Nikamuuliza tena. Akaanza kulia.

Kwa hiyo najua. Najua baba mdogo aliposomewa jibu langu aliweka kufuli kwenye nyumba yako, akasema utaingia siku gari litakapoingia. Najua unalala stoo ya Magdalena katikati ya magunia ya vitunguu, na umemkataza asiniambie. Wewe unaniandikia habari za mkono wa katekista! Shangazi, kwa nini?

Nami sikukwambia langu. Christopher hayupo. Amekwenda kwa mama yake Mitundu. Baba mdogo alimpigia simu, wakaongea kama wanaume, ndivyo alivyosema, "tumeongea kama wanaume," na wakakubaliana gari litoke. Nilipokataa akasema nichague. Nikamuuliza nichague nini na nini, akachukua begi. Zile salamu tatu nilizibuni.

Uliniomba nikuandikie linavyokwenda. Juzi nimelitoa ili niliage. Nilimwacha Lucy kwa jirani asubuhi, nikafunga kitambaa kichwani, nikashika barabara ya Nzega. Ukitoka mjini miamba inasimama pande zote mbili, mikubwa kama nyumba, na kwenye gari la wazi unaiona mpaka juu, kwenye gari la paa huwa unaona miguu yake tu. Upepo una harufu. Nilipita palipokatwa nyasi, nikapita moshi wa mkaa, nikapita ng'ombe, kila kitu kikaingia ndani ya gari kama abiria. Kuanzia karibu na Iguguno alizeti zimechanua mpaka upeo wa macho. Asubuhi hiyo zote zilikuwa zinanitazama usoni. Watoto wakakimbia kando ya lami wakipiga kelele. Kibibi mmoja aliyekuwa anapalilia alisimama, akaweka jembe chini, akanipungia mikono yote miwili, kama ananifahamu.

Injini ya Peugeot inanguruma kwa sauti nene, haina haraka. Ukikanyaga mafuta boneti linanyanyuka kidogo mbele yako. Nilifika Misigiri, nikasogea mpaka pale mlima Sekenke unapoanza kushuka, nikasimama. Sikushuka. Niliona hiyo safari ni yako na baba, siyo yangu peke yangu. Nikageuza. Wakati wa kurudi alizeti zote zilinipa kisogo, nikaona kama zimesikia nilichoamua.

Nimeamua hivi. Jumatatu ijayo nitampa baba mdogo funguo, afungue kufuli. Gari ni bati. Wewe ni mtu. Baba angekuwepo angesema hivyohivyo.

Nisamehe kwa maneno makali ya barua ile. Yalikuwa mepesi kusema kwa sababu aliyelipa ni wewe.

Mwanao,
Witness


Kinyangiri,
10 Aprili 2024

Mama,

Sina salamu ndefu. Wote wazima. Magdalena amekodi bodaboda ili barua hii iwahi basi.

Usithubutu.

Nasema tena usithubutu kumpa mtu funguo. Paskali asingesema hivyohivyo, na usimwekee maneno mdomoni, mimi nimekaa naye miaka mingi kuliko wewe. Kufuli imewekwa kwenye nyumba yangu na wewe unataka kuilipa kwa gari lako? Akishaona kufuli inalipa, ataweka nyingine. Leo gari, kesho shamba la bondeni, keshokutwa ataniambia niolewe tena na mzee fulani mwenye ng'ombe. Nilinyamaza ili usije. Nilikosea. Kunyamaza ndiko kulikompa nguvu.

Kwa hiyo njoo. Jumapili hii, na siyo Jumatatu. Njoo watu wakiwa wanatoka kanisani, na upite barabara kubwa mbele ya duka lake. Usipite njia ya nyuma ya mashineni. Usije umejifunika kama mwizi. Vaa gauni lako zuri. Mimi nitakuwa nimesimama mlangoni mwa kanisa na mfuko wangu.

Kama Stefano atasimama barabarani, mwamkie. Yeye ni baba yako mdogo na hatutaki waseme hukufunzwa adabu. Ukishamwamkia, mengine niachie.

Kuhusu Christopher tutaongea. Au hatutaongea. Utachagua wewe.

Emiliana


Kinyangiri,
26 Mei 2024

Mama,

Tumsifu Yesu Kristo. Hali yangu njema sana. Lucy mwambie yule kuku nimemwekea kifaranga kimoja, jina atampa yeye. Tumeanza kuvuna alizeti. Mwaka huu si haba. Katekista amefunguliwa mkono.

Nimekaa kwako wiki zote zile na hatukuizungumza safari hata siku moja. Tulikuwa tunapika, tunafua, tunamcheka mstaafu wako na gia yake ya nyuma, lakini lile la Jumapili kila mmoja alilizunguka. Kwa mdomo nilishindwa. Sasa naandika, maana wewe ulikuwa umeshika usukani, mengi hukuyaona.

Ulipotokea pale kwenye kona kwanza tulisikia sauti. Watu wakadhani ni trekta. Halafu ukaonekana, umevaa gauni la njano, kitambaa chekundu, na gari linang'aa kijani, na vumbi lote liko nyuma yako. Akina mama wa jumuiya walipiga vigelegele kabla hawajajua wanampigia nani. Ulisimama miguuni kwangu. Nikaona uso wako, nikajua una hofu. Na mimi nilikuwa nayo.

Stefano alitoka dukani, akaja akasimama mbele ya boneti. Ulizima injini, ukashuka, ukapiga goti kidogo, ukasema, "Shikamoo baba mdogo." Akajibu, "Marahaba." Kwa kuwa alijibu, hasira yake ikakatika nusu. Nilimwona.

Akasema, "Gari linabaki hapa."

Ukasema, "Hapana, baba mdogo. Nimemfuata Shangazi."

"Emiliana haendi popote."

Mimi nilikuwa nimeshafungua ule mlango mdogo na kukaa. Kiti kiko chini, mama, nilidhani nimeketi kwenye udongo! Lakini nilipokaa sikuona tena kama mtu anaweza kunitoa. Nikamwambia, "Stefano, nilikubeba mgongoni mpaka ukaota meno. Leo nabebwa mimi. Toka njiani."

Hakutoka. Nawe ulirudi kwenye usukani ukawasha, ukasubiri. Hukupiga honi. Hilo nilikushukuru moyoni. Watu walikuwa wametuzunguka. Ndipo mke wake, wifi Theodora, alipopita mbele yake. Wewe ulikuwa unatazama mbele, labda uliona mkono tu. Alikuwa ameleta blanketi langu, lile la mistari lililofungiwa ndani ya nyumba. Yeye ana funguo ya kufuli, kumbe, na siku zote hizo hakusema. Akanifunika magoti, akasema, "Upepo wa huko una baridi, wifi." Halafu akamshika mume wake mkono wa shati, kama unavyomshika mtoto asikanyage matope, akamsogeza. Akasogea.

Mpaka Iguguno nilikuwa nimefumba macho. Nilipoyafumbua uliuliza, "Twende Utemini, Shangazi?" Nikasema, "Kata kulia. Twende Sekenke."

Mwanangu, nimeishi umri wote huu karibu na mlima ule na sikuwahi kuuona. Kila nilipotaka kwenda mahali, kuna aliyeniuliza, "Unaenda kufanya nini?" Na mimi nikawa sina jibu, nikabaki. Siku ile hakuna aliyeuliza. Barabara ilipoanza kuzunguka na kushuka, malori yanapumua mbele yetu, na ile nchi ya Wembere ikafunguka chini, bapa, ya buluu, haina mwisho, nilishika ukingo wa mlango kwa mikono miwili. Sikuogopa. Nilitaka tu kushika kitu.

Wakati wa kupanda lilipochemka na ukaliegesha kando, yule dereva wa lori alikuuliza, "Fundi yuko wapi?" Ukamjibu, "Unaongea naye," na ukafungua rejeta kwa kitambaa. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya jiwe natazama bondeni. Ulikuja ukaniuliza macho yana nini, nikasema vumbi. Halikuwa vumbi. Kwenye lami kuna vumbi gani? Nilikuwa namlilia Paskali, na nilikuwa najililia mwenyewe, nikaona vyote viwili nimechelewa kuvifanya.

Sasa habari za kurudi. Najua ulikasirika nilipokataa unirudishe na gari. Ungenirudisha wewe, wangesema Emiliana amerudi kwa nguvu za Witness. Nilitaka wanione nashuka kwenye basi na mfuko wangu.

Nilishuka, nikapita kwa fundi seremala nikaazima nyundo, nikaenda moja kwa moja nyumbani kwangu. Ilikuwa saa ya watu kurudi shambani, na kila aliyepita alisimama. Kufuli ilikuwa ya Kichina, haikusumbua. Stefano alikuja mbio.

"Emiliana, unavunja?"

"Navunja."

"Kiwanja hiki ni changu."

"Kiwanja hiki alinipa baba yetu nilipotoka kwenye ndoa, wewe ulikuwa hujui kufunga kifungo. Matofali nilifyatua na Paskali. Chako hapa ni hii tu." Nikamwekea kufuli mkononi, ikiwa imevunjika. "Peleka dukani."

Aliigeuza mkononi. Akasema kwa sauti ndogo, "Umeniaibisha mbele ya watu." Nikamwambia, "Ulinitoa nje mbele ya watu haohao." Akaondoka. Nikafagia. Panya walikuwa wamejipatia watoto ndani ya debe la mtama.

Simu pia nimeifuata. Lakini tuendelee kuandikiana. Kwenye simu ninasahau.

Shangazi yako,
Emiliana


Utemini,
23 Juni 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kukatika. Lucy kifaranga amekiita Fundi, usiniulize kwa nini. Baridi imeanza, upepo unavuma kutwa nzima. Mstaafu wangu amefaulu mtihani, alirudi nyuma akaingia katikati ya koni zote bila kugusa, akashuka akanipa mkono kama mwanajeshi.

Nami nikwambie la kwangu. Pale baba mdogo aliposimama mbele ya boneti na mimi nimewasha injini, mguu wangu wa klachi ulikuwa unacheza, nikajisemea kama gari likiruka hata kidogo nitamgonga mdogo wa baba yangu mbele ya kanisa. Ndiyo maana sikupiga honi. Haikuwa adabu, Shangazi. Nilihofia kuinua mkono. Lakini kama wewe uliiona adabu, nitaipokea.

Christopher amerudi. Alikuja Jumamosi akasimama nje, gari liko uani nalifuta. Akasema amefikiri. Nikamwambia karibu, mlango uko wazi, ila funguo za gari haziwekwi tena mezani na hazijadiliwi na mwanaume yeyote kwa simu. Akauliza kama anaweza kupanda siku moja. Nikasema tutaona. Yuko ndani, anapika chai wakati naandika. Sijui itakuwaje. Safari hii salamu zake ni za kweli, na ni moja tu.

Na Hosea amekuja. Alikuja mwenyewe, hajatumwa. Alikaa kwenye kigoda akiizungusha kofia yake.

"Dada, naomba gari la harusi."

Nikasema, "Sasa umeomba. Tangu mwezi wa pili hakuna aliyeomba. Lipo."

Akafurahi, akaanza, "Baba anasema niendeshe mimi..."

"Hosea, siku ya mwisho nilipokufundisha uligonga geti la shule."

"Basi endesha wewe."

"Nitaendesha mimi. Na viti ni viwili."

Akahesabu kichwani, nikamwona anahesabu. "Mimi na Kristina tutakaa wapi?"

"Kristina atakaa na mimi. Nitamtoa kwao, nitamfikisha kanisani na kutoka kanisani. Wewe na baba yako mtafuata kwa gari la Noah."

Akacheka mpaka Lucy akaja kutazama. Akasema Kristina atafurahi kuliko yeye, kwa sababu tangu asikie habari za hilo gari haulizi nyingine. Lakini akaomba wewe ndiye umwambie baba yake. Yeye anaogopa.

Nimesema nitakuuliza. Ukikataa nitakuja kumwambia mwenyewe.

Mwanao,
Witness


Kinyangiri,
9 Julai 2024

Mama,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba. Mtama umeingia ghalani. Kifaranga Fundi ni jogoo, anajaribu kuwika, anatoa sauti ya mlango mbovu. Salamu moja ya Christopher nimeipokea, nami namrudishia moja.

Sikwenda kwa Stefano. Nilituma maneno kwa wifi Theodora kwamba nina ujumbe wa harusi, mwenye kuutaka aje. Zikapita siku, nikadhani hatakuja. Jana mchana nikiwa napepeta, nikasikia mtu anapiga hodi. Mama, Stefano hajawahi kupiga hodi kwangu. Alikuwa akiingia tu kama anaingia zizini. Nikaendelea kupepeta kidogo, akapiga tena. Nikasema karibu.

Akaingia, akasema, "Shikamoo dada." Nikasema marahaba, nikampa kiti. Aliangalia mlango, palipokuwa na kufuli, akaangalia pembeni. Amekonda. Nikamweleza kama ulivyoniandikia: gari litakuja, bibi harusi atakaa kiti cha mbele, wewe utaendesha, yeye na Hosea watakuwa kwenye Noah nyuma.

Akasema, "Kwa hiyo mimi nitakuwa nyuma, nakula vumbi la Witness?"

Nikasema, "Kiomboi kuna lami. Ukitaka kuliepuka vumbi zaidi ya hapo, kaa nyumbani."

Nikamletea uji, akanywa. Kisha akaanza upya, kwa upole sasa, ananiomba nikushawishi walau pale mbele ya wakwe umpishe Hosea ashike usukani, mwendo mfupi tu, watu waone. Nikamwambia hapana. Akaniuliza kwa nini nimekuwa mgumu hivi uzeeni. Nikamwambia sikuwa laini hata zamani, nilikuwa nimenyamaza tu.

Basi akasimama, kikombe bado kiko mkononi, akasema lile analolisema siku zote.

"Lakini Emiliana, watu watasema nini?"

Nikamwambia, "Watasema wamemwona binti wa Paskali anaendesha gari lake."

Aliweka kikombe mezani taratibu, akasema atamwambia dereva wa Noah asikusogelee sana kwenye kona.

Shangazi yako,
Emiliana